Wageni wakija tunaazima mashine: niliyoyaona kwenye ukaguzi wa zahanati hapa Mwanza

Ngosha wa Maabara (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Hili jambo nimekaa nalo muda, leo nalitua.

Nilikuwa mpimaji wa maabara kwenye zahanati binafsi moja ya hapa mjini kwa miaka mitatu. Sitaji jina wala mtaa, na anayehisi anaijua naomba asiitaje pia. Sijaja kumchoma mtu.

Siku ya ukaguzi huwa inaanza na simu. Saa mbili na nusu asubuhi, jamaa wa duka la dawa la kule Buzuruga anapiga: "Wageni wapo huku, gari jeupe, wako wanne." Hapo mnajua mna kama saa moja. Maduka ya dawa yasiyo na uhakika yanashusha mageti, mwenye duka kafiwa ghafla. Sisi zahanati hatuwezi kufunga, wagonjwa wamekaa kwenye benchi, kwa hiyo tunapanga.

Vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vilivyopita muda vinaingia kwenye kiroba, kijana wa usafi anakibeba mpaka kwa fundi cherehani nyuma ya jengo. Ndoo ya kunawia inajazwa maji, inawekwa sabuni mpya ambayo chapa yake haijaguswa. Mashine ya kupima sukari, yetu ilikuwa imekufa siku nyingi, tunaazima kwa jirani pamoja na kopo la vipimo vyake. Ukutani kuna cheti cha daktari mwenye tai. Huyo daktari nilimwona mara mbili katika miaka mitatu, na mara zote mbili alikuja kuchukua hela yake ya cheti.

Niseme haki, wakaguzi siyo wajinga. Mama mmoja kwenye ile timu aliinama akafungua friji, akachomoa karatasi ya kuandikia joto. Akaiangalia kimya, kisha akamuuliza nesi wetu: "Mwanangu, Februari ya mwaka huu ilikuwa na siku ngapi?" Karatasi yetu ilikuwa imejazwa mpaka tarehe 30. Kalamu moja, mwandiko mmoja, nyuzi 4 kila siku, hata zile siku umeme ulikatika toka asubuhi mpaka usiku.

Wakaandika mapungufu kurasa mbili, wakatupa muda wa kurekebisha, wakasaini kitabu cha wageni, wakaondoka. Kabla ya saa kumi mashine ya sukari ilisharudi kwa mwenyewe. Kwa kipindi chote nilichobaki pale sikuona mtu aliyerudi kuangalia kama tumerekebisha.

Baada ya kama mwezi mmoja hivi akaletwa mama mmoja, mchuuzi. Amechoka, mdomo mkavu, anaomba maji kila dakika. Karatasi ikaja maabara: malaria na taifodi. Kama kawaida yetu. Nikapima, malaria hamna. Taifodi kwa kile kipimo chetu unajua tena, kila mtu mjini ana taifodi. Akaanzishiwa sindano. Mimi nilisimama pale dirishani nikijua kabisa huyu anatakiwa kupimwa sukari, na nikijua kabisa mashine iko wapi: hatua hamsini, kwenye kabati la jirani. Siku ya tatu ndugu zake wakamkimbiza hospitali kubwa akiwa hajitambui. Alipona, namshukuru Mungu. Sukari ilikuwa imepanda mpaka mashine ya kule ikashindwa kusoma.

Mwezi uliofuata niliacha kazi.

Swali langu kwenu. Watu wanalalamika "serikali haikagui". Inakagua! Kituo binafsi kinasajiliwa chini ya sheria ya hospitali binafsi ya 1977. Maabara binafsi ina bodi yake. Daktari ana Baraza la Madaktari Tanganyika, nesi ana Baraza la Uuguzi na Ukunga, mfamasia ana Baraza la Famasi. Dawa na vifaa tiba ni TMDA. Chumba cha eksirei ni Tume ya Nguvu za Atomiki. Halafu kuna timu ya afya ya halmashauri inayozunguka kila robo mwaka. Macho yote hayo, na yule mama alipitia katikati yake. Kwa nini?

---

Sangara Mkavu

Uzi mrefu kama barabara ya Sengerema. Nitarudi nikishiba.

---

Mama Dagaa Kirumba

Pole kwa huyo mama, na pole na wewe maana naona bado unaumwa roho. Mimi niko mwaloni hapa, naanika dagaa na kuuza. Hayo mabaraza umeyataja kama vituo vya daladala, sijashika hata moja. Nikiingia kwenye zahanati na mjukuu ana homa, mimi mtu wa darasa la saba, niangalie nini?

---

Kasia la Ukerewe

Ngosha, umeandika ukweli lakini umeuandika kutoka dirisha la maabara. Ngoja nikuoneshe kutoka kwenye lile gari jeupe. Nimestaafu, nilikuwa kwenye timu ya halmashauri miaka mingi, na sehemu kubwa ya hiyo ni visiwani.

Kwanza, sisi wa halmashauri tukija tunafanya kitu kinaitwa usimamizi shirikishi. Soma hilo neno polepole. Hatuji kama polisi. Tunakuja kukaa na mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, kupitia rejesta, kuona chanjo, kumwelekeza pale anapokosea, kuandika tulichokubaliana. Kazi ya kufungia ina sheria zake na wenye mamlaka yake. Tatizo ni kwamba gari mara nyingi ni moja, na watu ni walewale. Asubuhi mimi ni mwalimu wako, mchana natakiwa nikufungie. Ukishajua hivyo hunioneshi kidonda chako, unaniwekea sabuni mpya.

Pili, mafuta. Kagua mjini leo, unamaliza vituo vitano au sita. Sasa nenda kisiwa cha Ukara. Ufike Nansio, uende Bugolora, usubiri chombo, ziwa likichafuka umelala. Siku mbili kwa kituo kimoja, na mwenzako mjini kamaliza kata. Bajeti ikikatwa, unadhani kinachorukwa ni kipi? Na kule kisiwani ndiko nesi mmoja anazalisha, anachanja, anagawa dawa na kufagia.

Tatu, vijana mnasahau tulikotoka. Ile sheria ya 1977 ndiyo iliyozuia watu binafsi kuendesha hospitali kwa faida. Zilibaki za serikali na za mashirika, ndiyo maana wazee wetu walijua Bugando, Sengerema kwa wamisheni, na zahanati ya kijiji. Marekebisho ya 1991 ndiyo yakafungua mlango. Zahanati za mitaani zikaota kama uyoga Igoma, Buhongwa, Nyakato, kila mahali. Utaratibu wa kuzisimamia ukawa unakimbizana nazo kwa nyuma.

Na siyo za binafsi tu, nisije nikaonekana naficha za kwetu. 2015/16 wizara iliendesha upimaji wa nyota kwa vituo vya ngazi ya msingi, karibu 7,000 nchi nzima, vya serikali na visivyo vya serikali. Nyota tano ndiyo juu, tatu ndiyo lengo. Theluthi moja hivi walitoka na sifuri. Sifuri kabisa! Waliofika nyota tatu hawakufika hata 2 kwa mia. Tuliporudi 2017/18, waliofika tatu na kuendelea walikuwa kama 20 kwa mia. Nikwambie kilichosaidia? Siyo faini. Kila kituo kilipewa orodha yake ya kufanyia kazi, na kipindi hichohicho hela zikaanza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo badala ya kukaa halmashauri. Mfawidhi akawa na uwezo wa kununua ndoo bila kuandika barua kumi.

---

Mwenye Zahanati

Nilikuwa napita kimya ila Ngosha umenigusa. Mimi nina zahanati, siyo yako, usiogope.

Mnawaona wenye zahanati kama wezi. Hesabu nami. Usajili wa kituo mlango huu, maabara mlango ule, chumba cha dawa mlango mwingine, zimamoto wanataka mitungi, OSHA wa usalama kazini wanataka wafanyakazi wapimwe afya, manispaa wanataka leseni na ushuru wa taka. Kila mmoja na ada yake na siku yake, na kila mmoja anasema yeye ndiye wa muhimu. Nilishawahi kupokea timu mbili siku moja, wakakaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa wakisubiri zamu ya kunikagua. Ule mpango wa 2018 wa kuboresha mazingira ya biashara ulipunguza kidogo, mfano TMDA waliachia chakula kikaenda TBS, shirika la viwango, 2019, lakini kwa sisi wa zahanati mlolongo bado.

Sasa niwaambie siri. Mkaguzi anayenikosesha usingizi hakai kwenye hizo bodi zenu. Ni bima. NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, wakipitia fomu zangu wakakuta kipimo kimedaiwa na kwenye rejesta ya maabara hakipo, hawaniandikii mapungufu kurasa mbili. Wanakata hela. Mwezi huo mishahara inatoka mfukoni mwangu. Tangu nianze kupokea kadi za bima, rejesta yangu ya maabara imenyooka kuliko ya hospitali ya wilaya.

---

Ngosha wa Maabara

Mwenye Zahanati, hapo kwenye bima umesema jambo zito, ila angalia wanachokagua: fomu, sahihi, namba ya kadi. Yule mama wangu alilipa taslimu. Hakuna fomu yake popote. Angekufa, kwenye makaratasi hakuwahi kuwepo.

Kasia, shikamoo. Nimekuelewa kuhusu mwalimu na polisi kuvaa koti moja. Sikuwahi kuliona hivyo.

Mama Dagaa nakujibu jioni, niko safarini natoka Misungwi.

---

Baridi Leeds

Wakuu, mtoto wa Pasiansi hapa, nalea wazee Uingereza kwenye nyumba ya wazee. Niwape picha ya huku maana watu hudhani huku ni peponi.

Kwa England kuna chombo kimoja kinaitwa CQC, kilianza kazi 2009. Hicho kimoja kinakagua hospitali, zahanati za madaktari wa familia, meno, mpaka nyumba za wazee kama ninayofanyia mimi na wale wanaohudumia wazee majumbani. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini wana vyao. Wakija kwetu wana maswali makubwa matano: mko salama? huduma inafanya kazi? mna utu? mnamsikiliza huyu mtu mahitaji yake? uongozi ukoje? Mwisho mnapewa daraja moja kati ya manne. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize: ripoti inawekwa hadharani, jina la nyumba juu, na sheria inataka lile daraja libandikwe mlangoni na kwenye tovuti yenu. Mtoto anayetafuta pa kumpeleka baba yake anasoma kwanza kabla hajapiga simu.

Kingine, wanaweza kuja bila hodi. Mmoja alikuja kwetu jioni, wakati wa chakula. Hakuomba faili. Alivuta kiti akakaa kando ya bibi mmoja mwenye ugonjwa wa kusahau, akaangalia tu. Bibi analishwa, kijiko kinakuja kabla hajameza cha kwanza. Hicho ndicho kilichoandikwa kwenye ripoti yetu. Kijiko! Faili zetu zilikuwa safi zote.

Ila msiwaabudu. 2011 kulikuwa na kituo kimoja karibu na Bristol, Winterbourne View, cha watu wenye ulemavu wa akili. Muuguzi mmoja aliwaandikia hao wakaguzi kwamba watu wanapigwa humo ndani, hawakufuatilia. Mpaka BBC wakaingiza kamera ya siri ndipo nchi ikashtuka na kituo kikafungwa. Na 2024 Dkt. Penny Dash alipewa kazi ya kuwakagua wakaguzi wenyewe, akakuta takriban sehemu moja kati ya tano hazijawahi kupewa daraja lolote. Waziri wa afya wa huku akasema chombo hakifai kwa kazi yake.

---

Sangara Mkavu

Nimeshiba nimerudi. Kwa hiyo wakaguzi wa wazungu nao wanakaguliwa, na bado wamelala. Sisi tuanze na nani?

---

Afisa Kata Nne

Nichangie kwenye kona ambayo hamjaigusa. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, mkoa huuhuu. Kata nne, pikipiki moja, na hiyo pikipiki tunagawana na mtu wa kilimo.

Mnaongelea zahanati kwa sababu kila mtu anaumwa. Makao ya watoto je? Vituo vya kulelea wadogo mchana? Sheria ya Mtoto ya 2009 na kanuni zake za 2012 zinasema makao hayafunguliwi bila leseni, na mtoto hapelekwi pale kienyeji, lazima ipitie ustawi. Sasa tembea mitaani uone. Mtu ana nyumba ya vyumba vitatu, ana moyo mzuri, ana marafiki nje wanatuma hela, anakusanya watoto kumi na saba. Anaweka bango. Leseni hajawahi kuisikia.

Niliingia kwa mmoja hivi. Watoto wananiimbia wimbo wa kukaribisha wageni, wanajua kupanga mstari kuliko jeshi. Nikamwuliza mama mlezi faili la kila mtoto: ametoka wapi, ndugu ni nani. Akaniletea daftari moja la kurasa 48, majina ya kwanza tu. "Neema. Baraka. Baraka mwingine." Huyo Baraka mwingine tulikuja kugundua bibi yake yupo hai Kwimba, anamtafuta.

Kufunga ningeweza kuandika siku ileile. Watoto kumi na saba nawapeleka wapi usiku huo? Hilo ndilo swali ambalo mkaguzi wa duka la dawa hajiulizi. Dawa unaziweka kwenye boksi na lakiri. Tulichofanya ni kukaa naye miezi kadhaa, faili moja baada ya jingine, watoto sita wakarudi kwa ndugu, na maombi ya leseni yakapelekwa. Kasia utanielewa, huo ni ualimu siyo upolisi.

Kwa wazee hali ni tofauti kidogo, kwetu wengi wanatunzwa nyumbani, na mkoa una makazi ya Bukumbi kule Misungwi ambayo ni ya serikali. Lakini mzee anayefungiwa ndani Mabatini na msichana wa kazi, huyo hana mkaguzi. Jirani ndiye mkaguzi wake.

---

Mama Dagaa Kirumba

Baraka mwingine. Hilo limenikaa kooni.

Ngosha nasubiri jibu langu, jioni imeshafika.

---

Ngosha wa Maabara

Nimefika Mama, samahani.

Ukiingia zahanati, angalia ukutani mapokezi. Kuwe na cheti cha usajili wa kituo, na kisome aina: zahanati, kituo cha afya au kliniki. Kama imeandikwa zahanati na wanakwambia watakupasua, toka. Halafu leseni ya mganga mfawidhi: angalia kama ni ya muda huu au ilishaisha. Picha angalia sura, halafu uliza bila aibu, "huyu daktari yupo leo?" Wizara pia ina sajili ya vituo kwenye mtandao, mjukuu anaweza kukutafutia kwa simu jina la kituo likaja.

Duka la dawa muhimu ni lile bango linaloandikwa hivyohivyo, DUKA LA DAWA MUHIMU. Hao wanaruhusiwa dawa za orodha yao tu. Kuchoma sindano hawaruhusiwi, hata kama dada ni nesi na mkono wake mwepesi. Famasi yenyewe lazima iwe na mfamasia msimamizi.

Maabara: uliza uoneshwe kipimo kinachofunguliwa, tarehe ipo kwenye pakiti. Mpimaji mzuri hachukii. Mimi wachache walioniuliza niliwaheshimu, na kusema kweli siku hiyo nilifanya kazi vizuri zaidi.

Ukikuta mambo siyo, kwa duka na famasi nenda ofisi ya mganga mkuu wa wilaya au manispaa, ulizia mfamasia wa halmashauri. Kwa zahanati, mganga mkuu mwenyewe. Kituo cha serikali kina kamati ya usimamizi yenye wananchi ndani yake, ulizia mwenyekiti ni nani, mara nyingi ni mtu wa mtaani kwenu. Sanduku la maoni sikushauri. La kwetu ufunguo alikuwa nao bosi, na siku tulipolifungua kulikuwa na ganda la pipi na risiti ya vocha.

---

Kasia la Ukerewe

Umemjibu vizuri. Ila nikuulize na mimi, kwa heshima. Siku ile mama wa friji alipokuwa amesimama mita mbili kutoka kwako, mlikuwa wawili tu maabara. Ulimwambia mashine ni ya kuazima?

---

Ngosha wa Maabara

Hapana mzee.

Nilimshikia mkoba wake akisaini kitabu.

---

Mwenye Zahanati

Kasia usimbane sana. Angesema, kesho yake angekuwa mwaloni anaanika dagaa na Mama. Mfanyakazi wa zahanati binafsi mwajiri wake ni mimi, siyo bodi. Mkaguzi akija mimi ndiye ninayemtembeza, na mfanyakazi anaulizwa maswali mbele yangu. Kama kweli mnataka kujua mambo yangu, nitoeni nje nusu saa, mkae na wafanyakazi wangu peke yao.

---

Baridi Leeds

Huku wanafanya hivyo. Wanatuita mmoja mmoja, meneja hayupo. Na bado wengine hawasemi, viza zao ziko mkononi mwa mwajiri.

---

Mama Dagaa Kirumba

Wabeja Ngosha. Nimeamka leo nikasema nijaribu. Nimeenda duka la dawa tunalonunua siku zote. Cheti kipo, juu ya feni. Picha ya mwanaume, ana ndevu. Niliyemkuta ni binti. Nikamwuliza huyu nani, akasema ni bosi. Yuko wapi? Dar. Anakuja lini? Akacheka tu.

Nyuma ya pazia kuna kijana amekunja mkono wa shati anachomwa sindano.

---

Ngosha wa Maabara

Usitaje duka hapa jukwaani Mama, watafuta ushahidi kabla ya saa sita. Andika kwenye karatasi siku, saa na ulichokiona, nenda nayo manispaa. Kesho nina nafasi, tukutane stendi ya Kirumba saa tatu tuende wote.

---

Mama Dagaa Kirumba

Saa tatu nakuwa naanua. Njoo saa nne.